Nani anapewa faili la benki?

Tangu 2025 kuna hoja inazunguka kwenye vikao vya mawakili hapa Dar es Salaam, na mara nyingi hutolewa kwa kicheko: hata Wamarekani wenyewe wameachana na mambo ya usawa na ujumuishi, sisi tunahangaika nayo ya nini? Wanachokizungumzia kinajulikana. Rais Trump alitoa amri dhidi ya kampuni kubwa za uwakili, zikiwamo Perkins Coie na WilmerHale, na kati ya makosa aliyowatwisha ni sera zao za kuajiri watu wa makundi mbalimbali. Paul Weiss, kampuni nyingine iliyolengwa, wakaamua kupatana naye na kuahidi huduma za bure zenye thamani ya dola milioni 40. Perkins Coie wakaenda mahakamani, na Mei mwaka huohuo jaji akaifuta ile amri. Ugomvi wao mkubwa, na haujapoa.

Lakini unatuhusu nini? Wajibu wetu haukuletwa na meli kutoka Washington. Uko kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mwajiri ahakikishe fursa sawa, awe na mpango wa kuondoa ubaguzi kazini, na mpango huo ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Kabila, dini, mahali mtu alikotoka, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, hata hali ya maisha, vyote vimetajwa. Sheria hii tunaijua kwa moyo. Tunawaandikia wateja barua za ushauri kwa kuinukuu, na tunawatoza. Sasa muulize wakili yeyote mjini mpango wa ofisi yake mwenyewe uko wapi. Wengi watakuonesha ukurasa wa tovuti wenye picha ya vijana wanaotabasamu.

Mimi picha hazinisumbui. Kinachonisumbua ni ubao wa kazi: nani anapewa faili lipi.

Ofisi nyingi za uwakili zina kikao cha Jumatatu asubuhi. Karani anasoma orodha ya mashauri ya wiki, mbia mkuu, yaani kiongozi wa wamiliki wa ofisi, anagawa. Kaa kimya usikilize mgawanyo huo kwa mwezi mmoja tu. Mirathi, talaka, matunzo ya watoto, chochote kinachokwenda Kituo Jumuishi cha Temeke, kituo cha mahakama kwa mashauri ya familia, kinaelekea kwa mawakili wanawake. Shauri la benki kwenye Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu linaelekea kwa kijana wa kiume ambaye pengine waliapishwa siku moja na yule wa Temeke. Hakuna aliyetamka neno baya. Ukimuuliza bosi atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba akina mama wana subira na familia zenye msiba. Huenda ni kweli. Ila familia yenye msiba inalipa kidogo, tena kwa mafungu, na benki inalipa ankara nzima. Mwisho wa mwaka, marupurupu yanapigiwa hesabu kwa fedha alizoingiza kila wakili. Miaka mitano baadaye, wakati wa kuchagua mbia mpya, watu watatazama ni nani "ana wateja". Hapo tayari matokeo yalishaamuliwa zamani, Jumatatu moja baada ya nyingine, na wala hakuna aliyehisi kwamba anaamua.

Uzazi unazidisha jambo hili. Katika ofisi moja ninayoifahamu, wakili alirudi baada ya siku zake 84 za likizo akakuta mafaili yake yote yenye uzito yamehamia kwa wenzake. "Wakili, tumekupunguzia mzigo, wewe sasa ni mama mlezi," mbia akamwambia huku akicheka. Akajibu, "Asante, mzee," kwa sababu angejibu nini tena? Sheria inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku, ndani ya muda wa kazi. Haisemi popote kwamba bei ya saa hizo mbili ni wateja wake. Alichokuwa akikihitaji ni chumba chenye mlango unaofungika na mtu wa kumshikia kesi ya saa tatu asubuhi anapochelewa. Akapewa huruma, na huruma ya namna hii ni ghali sana kwa anayepewa.

Najua jibu linalokuja. Mbona Fatma Karume alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika mwaka 2018? Mbona nchi yenyewe inaongozwa na Samia Suluhu Hassan? Mbona Kenya wana Jaji Mkuu Martha Koome tangu 2021? Yote ni kweli na yote yanafurahisha. Lakini hakuna hata mmoja wao anayekaa kwenye kikao chenu cha Jumatatu.

Halafu kuna mlango wenyewe wa kuingilia. Kijana anayesaka nafasi ya mafunzo kwa vitendo huzunguka Posta na Upanga na bahasha mkononi. Barua yake inapokewa, inagongwa muhuri, inawekwa kwenye rundo. Mwenzake anaombewa nafasi kwa simu na mjomba wake, na mjomba huyo amesoma na mbia. Hata yule wa rundo akibahatika, mara nyingi nafasi haina posho. Anayeishi Oysterbay anaweza kufanya kazi bure miezi kadhaa bila kutetereka. Anayetoka Mbagala anahitaji nauli ya daladala, chakula cha mchana na suti ya pili, maana moja haitoshi wiki nzima kwa joto la hapa. Kwa hiyo anaacha, na ofisi inabaki ikilalamika kwamba "waombaji wazuri hawapatikani". Posho ndogo ya nauli na chakula ingefanya kazi kubwa kuliko semina yoyote ya ujumuishi niliyowahi kuhudhuria, na nimehudhuria nyingi. Chakula huwa kizuri.

Kwenye usaili nako tunapima lafudhi. Mikataba mikubwa na mashauri ya usuluhishi wa kimataifa bado yanaendeshwa kwa Kiingereza, hilo silikatai. Mteja wa London hatabadilika kwa ajili yetu. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Mtoto wa shule ya kata anayeandika hati ya madai kwa Kiswahili kilichonyooka, bila aya moja ya ziada, ni mali ya ofisi. Mpeni faili la kubuni na saa mbili aandike, kisha msahihishe karatasi isiyo na jina wala jina la shule. Hilo halihitaji mshauri kutoka nje.

Kuhusu ulemavu nitasema machache, kwa kuwa sisi wenyewe tumefanya machache. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ofisi nyingi za mawakili hazifiki 20, basi wanapumua. Ofisi iko ghorofa ya tatu, lifti imekufa tangu enzi za mpangaji aliyepita, na wakili anayetumia kiti cha magurudumu hajawahi hata kuleta barua. Tunasema hawaombi.

Ninachokipendekeza mimi ni kidogo na kinakera. Kila miezi mitatu, karani achape orodha: faili lipi, limegawiwa kwa nani, limeingiza shilingi ngapi. Iwekwe mezani mbele ya wabia wote, na mawakili vijana nao waione. Nimewahi kulitoa wazo hili mbele ya wabia, nikaambiwa litaleta ugomvi, kwamba wateja ndio wanaochagua wakili wanayemtaka. Wapo wanaochagua, sawa. Lakini mteja anachagua kati ya watu aliowahi kukutana nao, na anayeamua nani aingie kwenye chumba cha mkutano benki wanapokuja ni mbia, si benki. Kwa hiyo orodha iwe na safu moja zaidi: siku ile mteja alipokuja mara ya kwanza, nani alikuwa amekaa mezani.