Sare ya bara haiokotwi njiani

Kila Bandari, timu yetu ya Mombasa, inaporudi na sare kutoka bara, maneno ni yale yale kwenye vijiwe vya kahawa, kuanzia Mwembe Tayari mpaka Majengo. Timu ilicheza kipindi kimoja. Walikuwa mbele, wakasawazishiwa. Lawama huanzia kwa kocha, zikamshukia beki wa kati, zikamalizikia kwa kipa. Mimi nashikilia kinyume chake. Sare ya bara, hasa dhidi ya timu inayosukuma dakika zote 90, ni kazi nzito. Na pale pointi hiyo inapokosekana, mara nyingi huwa imepotea kabla refa hajapuliza kipenga: imepotea safarini, imepotea mezani, imepotea katika kupanga wachezaji wa akiba.

Tuanze na hesabu. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, kila moja inacheza mechi 34, na 17 kati ya hizo ni za ugenini. Timu inayoshinda kwake na kutoka sare kwa wenzake inamaliza msimu na pointi 68. Najua hakuna anayeshinda zote 17 za nyumbani, lakini kumbuka msimu wa 2021/22: Tusker walitwaa ubingwa kwa pointi 63, sawasawa na Kakamega Homeboyz, wakatenganishwa na tofauti ya mabao. Sare moja tu ya ugenini ingewapa Homeboyz kombe.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapokwenda kombo. Mbaraki, uwanja wetu wa nyumbani, ipo karibu kabisa na usawa wa bahari. Nairobi ipo kwenye mita 1,700 hivi, Kericho inakaribia 2,000, Kakamega ni kama 1,500, na Kisumu, iliyo kando ya ziwa, ni kama 1,130. Kwa hiyo bara si moja, na si haki kupima mechi ya Kisumu kwa kipimo cha mechi ya Kericho. Hewa ya Nairobi ina oksijeni asilimia 21 kama ya Likoni, ila kanieneo la hewa limeshuka hadi kama asilimia 82 ya letu. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu.

Jambo hilo halimzuii mchezaji kukimbia. Mbio moja ya mita 20 anaipiga kama kawaida. Shida ni kurejea katika hali yake baada ya mbio hiyo: pale alipozoea kupumzika sekunde 30 kisha akaenda tena, sasa anahitaji zaidi, na mpira haumngoji. Deni hilo linajilimbikiza polepole, ndiyo maana kipindi cha kwanza timu ya Pwani inaweza kuonekana bora kuliko wenyeji. Malipo huanza kudaiwa kati ya dakika ya 60 na ya 75.

Mwenye kutaka kuuona mchezo vizuri aache kuufuata mpira katika dakika hizo, awatazame wachezaji wasio nao. Kiungo mkabaji ameshika magoti mpira ukiwa umetoka nje. Beki wa pembeni amepanda na hakurudi, akamwachia beki wa kati kazi ya watu wawili. Umbali kati ya mstari wa mabeki na mshambuliaji, uliokuwa mita 30 hivi wakati mpira unaanza, umefika 50. Katikati pamebaki uwanja mtupu, na kila mpira tunaobutua unaokotwa hapo na kurudishwa langoni kwetu papo hapo. Bao likiingia dakika ya 71, jukwaa linamzomea kipa. Ukirudisha picha nyuma utaona shina lake ni lile pengo lililofunguka dakika kumi kabla.

Dawa yake inajulikana, na sheria inairuhusu. Kocha ana wachezaji watano wa kubadilisha, katika nafasi tatu za kusimamisha mchezo, na mabadiliko ya wakati wa mapumziko hayahesabiwi katika zile tatu. Kwa mechi ya mita 1,700 ningependa kuona mmoja akiingia wakati wa mapumziko, kwa kawaida winga aliyekimbia zaidi. Wawili waingie dakika ya 58 au 60, kabla uchovu haujaonekana: kiungo mmoja na beki wa pembeni mmoja. Nafasi mbili zinazobaki ziwekwe kwa dakika ya 72 na baada ya 80. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kungoja bao liingie ndipo benchi liamke. Mchezaji mbichi akiingia dakika ya 60 anaziba pengo. Akiingia dakika ya 75, wenyeji wakiwa wameshasawazisha na uwanja mzima umesimama, anakuta pengo limekuwa mlango.

Mpira wenyewe nao unabadilika, na hili halizungumzwi vya kutosha. Hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, kwa hiyo unakwenda mbali, unafika mapema na haupindi kama tulivyozoea. Ndiyo maana pasi ndefu za Mbaraki zilizokuwa zinatua mguuni mwa winga, Kericho zinatoka nje kuwa goli-kiki. Kona inapita vichwa vyote na kuvuka nguzo ya mbali. Frikiki iliyopigwa ipinde kuzunguka ukuta inanyooka na kupita pembeni. Kipa ndiye anayepata taabu zaidi: shuti la mita 25 linamfikia mapema kuliko jicho lake lilivyozoea, naye anaruka akiwa amechelewa. Kwa hiyo katika kupasha moto mwili, kipa wa mgeni apigiwe mashuti ya mbali yasiyopungua 20 na krosi 10 kila upande, kwenye goli lile lile, na mpiga kona apige zake nane au kumi mpaka mguu upate kipimo kipya. Dakika 15 zinatosha. Timu nyingi hutumia muda huo kuzungusha mpira kwenye duara, zoezi ambalo mchezaji analijua tangu akademia.

Kuna jambo dogo la mtunza vifaa pia. Sheria inataka upepo wa mpira uwe kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha anga. Mipira ya mazoezi ikijazwa Mombasa hadi 0.8 kisha ikapelekwa Nairobi bila kuguswa, geji itasoma zaidi ya 0.9, kwa sababu hewa ya nje inayoubana mpira imepungua. Baridi ya huko inashusha kidogo, lakini haifuti tofauti yote. Mpira unakuwa mgumu na wa kuruka, wachezaji wanafanya mazoezi kwa mpira mmoja na kucheza mechi kwa mwingine. Pampu na geji ziingie kwenye begi, na mipira ipimwe upya ikishafika.

Kuhusu safari, nitasema waziwazi: kusafiri usiku kuamkia mechi ni kujifunga bao. Treni ya usiku ya SGR inaondoka Miritini saa nne na kufika Syokimau baada ya saa tisa usiku, saa ambayo usingizi umekatika na hoteli bado haijafunguliwa mlango. Basi ni kilomita 480 hivi kupitia Voi, Mtito Andei na Emali, kisha foleni ya Mlolongo. Miguu iliyokunjwa kwa saa nane au tisa inaamka na misuli ya nyuma ya paja iliyokaza, na hiyo ndiyo misuli inayochanika dakika ya 20 mchezaji anapopiga mbio ya kwanza ya kweli. Kwa mechi ya Nairobi ya Jumapili saa tisa alasiri, treni ya Jumamosi ya saa mbili asubuhi ndiyo yenye akili. Inafika mchana, wachezaji wanakimbia taratibu nusu saa jioni, wanalala mapema. Mwili hauzoei mwinuko kwa siku mbili tatu, kazi hiyo inataka wiki kadhaa, kwa hiyo kufika Alhamisi hakuongezi chochote isipokuwa gharama ya hoteli. Kericho na Kakamega ni habari nyingine: ni safari ya zaidi ya kilomita 700, na lazima ikatwe Nairobi kwa usiku mmoja.

Chakula cha mwisho kiwe saa tatu au nne kabla ya mpira kuanza: wali au viazi, kuku wa kuchemsha, tunda. Mbaazi za nazi na mahamri ni fahari yetu, lakini nazi na mafuta hukaa tumboni, na mchana wa mechi si wakati wake. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu siku iliyotangulia. Hewa ya bara ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu wa Pwani aliyezoea kupima kiu kwa jezi iliyolowa anadanganyika kwamba hajapoteza maji.

Nikitaka ushahidi kwamba sisi tunaweza mechi za namna hii, narudi mwaka 2019. Bandari walichukua kombe la shirikisho la nchi kwa kuwafunga Kariobangi Sharks 3-1, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Hata mechi zao za nyumbani walizichezea Kasarani, si Mombasa. Dhidi ya Al-Ahly Shendi walitoka bila kwa bila Nairobi, wakaenda Sudan wakapata 1-1, na bao hilo la ugenini, lililokuwa na uzito zaidi jumla ikiwa sawa, likawavusha. Kisha Ben Guerdane wa Tunisia: 2-0 Kasarani, wakafungwa 2-1 kule kwao, wakapita kwa jumla ya 3-2. Hiyo ni timu iliyojua kwamba ugenini kuna wakati wa kutafuta bao na kuna wakati wa kulinda ulichobeba.

Kulinda huko kuna mipaka mipya. Kipa aliyekuwa anaukumbatia mpira ili wenzake wapumue, kuanzia msimu wa 2025/26 anahesabiwa sekunde nane, refa akionyesha tano za mwisho kwa vidole, na akizidisha adhabu ni kona. Kona ya dakika ya 85 mbele ya jukwaa la wenyeji ni zawadi ambayo hakuna anayestahili kuitoa. Pumzi sasa itafutwe mguuni: pasi fupi sita saba karibu na kibendera cha kona cha wenyeji, au kurusha mpira kwa mtu wa karibu badala ya kuutupa mbele.

Nasi tunaosafiri tuna sehemu yetu. Nauli ya kawaida ya treni ni shilingi 1,500 kwenda pekee, na mtu akishalipa hiyo anataka kuimba tangu lango linapofunguliwa. Matokeo yake, ngoma na sauti zinakwisha dakika ya 50, na ile saa ya deni inawakuta wachezaji kwenye ukimya wetu na kelele za wenyeji. Kipindi cha kwanza zipigwe ngoma mbili tu, tena kwa zamu, na nyimbo zile nzito zifungiwe mpaka dakika ya 60. Tukae mahali pamoja, karibu na benchi letu kama askari wa uwanja wataruhusu, kwa sababu watu 80 waliokusanyika wanasikika kuliko 200 waliotawanyika. Na koti jamani, Julai ya Nairobi si ya kanzu nyepesi. Mtu anayetetemeka hapigi ngoma.

Kuna pia deni la upande wa pili, nalo tunalisahau tukishatoka sare. Timu za bara zikija Mbaraki saa tisa alasiri mwezi Machi, joto na unyevu vinawafanya wao yale ambayo mwinuko unatufanya sisi. Kwa nini basi tunaanza polepole nyumbani, tukiwaachia dakika 30 za kuzoea? Mashambulizi ya kasi yaanze mapema, mpira uwe chini, winga abadilishwe kabla hajachoka, ili dakika ya 60 iwakute wao ndio wameshika magoti.

Mechi ijayo ya bara, kabla hujauliza matokeo, uliza timu iliondoka lini na mabadiliko ya kwanza yalifanywa dakika ya ngapi.