Kamba Bila Futi

Fundi aliniambia, na mashahidi wapo: "Bosi, ukienda kutafuta chasisi, hiyo fremu ya chuma inayobeba pikapu yako, usiondoke bila futi kamba."

Mimi nilichukua kamba.

Futi ilikuwa imekatika ncha siku niliyopimia pazia, ikajirudisha ndani ya kiboksi chake na kugoma kutoka. Nikajisemea, kazi ya futi ni kukumbuka urefu, na kamba nayo ina kumbukumbu ukiifunga vifundo. Nikateremsha kamba ya katani ya kuanikia nguo, nikajilaza chini ya pikapu. Fundo la kwanza nikalifunga mahali ilipo bolti ya mbele inayoshika kebini, la pili kwenye bolti ya nyuma ya kebini, la tatu kwenye kishikio cha springi za nyuma. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na beseni la nguo mbichi.

"Baba watoto, hizi nianike wapi?"

Nikamjibu kutoka uvunguni kwamba hili ni suala la kitaalamu. Akangoja nimalize, akairudisha kamba yake juu na vifundo vyake vitatu, akaanika mashuka. Mashuka yale kumbukeni, yatarudi.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kutengenezwa 1988, kebini moja, inavuta mbele na nyuma. Ukiitazama kwa juu utanipigia makofi. Chini ndiko kwenye aibu. Fundi alichoma bisibisi kwenye chasisi, nyuma kidogo ya kebini, ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomoa taratibu, akaniambia, "Hapa chuma kilishaondoka, umebakiwa na rangi." Nikauliza kama haiwezekani kuchomelea kiraka. Akasema kiraka hushikwa na chuma kizima, na yeye hakukiona cha kukishika.

Kisha akanipa maelekezo. Soma namba ya chasisi, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Linganisha matundu ya bolti za kebini, vishikio vya springi, vishikio vya injini. Pima pembe kwa pembe, kushoto mbele mpaka kulia nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo viwili visipolingana, ujue gari liligonga na chasisi imepinda. Gonga kwa nyundo usikilize. Na ukikuta imepakwa rangi nyeusi mbichi, jiulize inaficha nini. Yote hayo niliyaitikia "ndiyo, ndiyo", mkono mmoja ukiwa kwenye simu.

Kwa muuza spea nilipokelewa vizuri mno. Nikamwonyesha picha ya pikapu yangu. Aliitazama kwa muda wa kupepesa jicho.

"Hii hapa. Ni ile ile."

Ilikuwa nyeusi inang'aa. Nikaigusa, kidole kikarudi na rangi. Badala ya kujiuliza inaficha nini, nikasema moyoni: angalau huyu anatunza mali yake.

Namba nikaisoma, msiseme sikusoma. Yangu inaanza na LN106. Yake ilianza na LN, halafu ikafuata tarakimu nyingine kabisa. Nikaridhika kwamba herufi zimelingana. Zile tarakimu nilizichukulia kama namba ya foleni, kwamba langu lilitangulia kiwandani na hili likafuata.

Mbele, pale ambapo langu lina vishikio vya springi, hii ilikuwa laini kama kipara. Nikauliza. Jamaa akasema bila kumeza mate, "Hivyo huwa tunaviondoa, usipate tabu kubeba." Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa sauti, mbele ya watu.

Ikabaki kamba. Nikaweka fundo la kwanza kwenye tundu la mbele la kebini, nikainyoosha kurudi nyuma. Fundo la pili likaishia hewani. Tundu la nyuma lilikuwa mbele yangu bado, kwa zaidi ya dhiraa moja. Nikarudia. Dhiraa ile ile. Jamaa ananitazama, vijana wake wameacha kazi wananitazama, na mimi nimepiga magoti nimeshika kamba ya nguo.

Hapo ndipo nikayakumbuka mashuka. Kamba ya katani ikilowa hurudi! Yamekaa juu yake usiku kucha yakitiririka maji, lazima imefupika. Nilifurahi kama niliyegundua umeme. Nikalifungua fundo la pili, nikalisogeza hadi kwenye tundu, nikalikaza. Nikapima upya. Ikalingana kabisa.

"Umeona?" jamaa akasema.

"Nimeona," nikajibu, nikalipa.

Fundi aliipokea chasisi ikishushwa kwenye lori bila kusema neno. Aliizunguka mara mbili. Akaniuliza kama nilipima. Nikamwonyesha kamba. Akaitazama kamba, akanitazama mimi, akaenda kuleta futi yake.

Waliinua kebini yangu wakaijaribisha juu. Mbele ilikaa. Nyuma, tundu la chasisi lilikuwa mbali huko, pale ambapo abiria wa kiti cha nyuma angeweka miguu, kama ningekuwa na kiti cha nyuma.

"Hii ni ya kebini mbili," fundi akasema. "Na haivuti mbele. Gari lako mbele lina difu, ile ya kugawa nguvu kwa magurudumu, nalo limekalia springi za vyuma vya kupangana. Hili mbele lilikuwa linakalia fimbo za chuma zinazojisokota. Vishikio unavyoambiwa vimeondolewa havijawahi kuwepo tangu lizaliwe."

"Lakini LN zote mbili..."

"L ni ukoo wa injini. N ni Hilux. Ni Hilux ipi, ndiyo tarakimu zinakwambia."

Nikajitetea kwa mashuka. Nikaeleza habari ya katani na maji, mke wangu akiwa amesogea kusikiliza. Fundi ni mtu wa haki. Kwenye kamba pale fundo lilipokuwa mwanzo palikuwa bado na kikunjo. Akapima kutoka fundo la kwanza hadi kwenye kikunjo, kisha akaenda kupima pikapu yangu. Tofauti haikufika unene wa kidole.

"Kamba ilikuwa sahihi," akasema.

"Na mashuka yangu je?" mke wangu akauliza.

Sikujibu. Muuzaji naye hakukubali kuipokea tena. Alisema kipimo nilipima mwenyewe mbele ya vijana wake, na hilo ni kweli. Baadaye nilipata chasisi nyingine, LN106, yenye kutu ya heshima inayoonekana wazi. Safari hiyo fundi alikwenda mwenyewe na nyundo yake, mimi nikapewa kazi ya kushika ncha ya futi. Sikuruhusiwa kuongea na mtu.

Ile ya kebini mbili imelala uani juu ya mapipa, haina mnunuzi. Mke wangu alingoja mpaka alipohakikisha rangi imekauka, akatandaza mashuka juu yake, moja baada ya jingine, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasimama kando, akaridhika.

"Afadhali hukuleta fupi," akaniambia. "Yasingetosha."