Forester iliyolazwa na tairi kubwa: nafasi ni moja

Kijana anayelaza Subaru Forester yake, yaani anayeishusha kwa springi fupi, kisha akaingia dukani kutafuta tairi kubwa kuliko la kiwandani, anaidai nafasi moja mara mbili. Springi fupi zinayashusha madigadi kuelekea tairi, na tairi kubwa linapanda kuelekea madigadi. Juu ya jambo hili hapa Unguja utakuta barazani kambi mbili. Ya kwanza, yenye madereva wengi wa umri, inasema Mjapani alishapiga hesabu zake, gari liachwe lilivyoshuka melini. Ya pili inasema barabara za leo si za zamani, lami imefika vijijini, na gari lililokaa chini, tairi likajaa vizuri ndani ya madigadi, linapendeza na linashika kona. Kila kambi ina haki yake. Ninachogombana nacho ni kwamba zote mbili zinabishania ule uwazi unaoonekana kati ya tairi na bodi gari likiwa limesimama, na uwazi huo hausemi mengi.

Tuanze na hesabu, maana wengi wananunua kwa macho. Forester za kizazi cha tatu, zile zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007, nyingi zimevaa tairi la 215/65R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kipenyo cha milimita 686 hivi. Ukipanda hadi 215/70R16 unapata 707, yaani ongezeko la milimita 21. Lakini gari halinyanyuki 21. Linanyanyuka nusu yake, kiasi cha 11, kwa sababu nusu ya chini ya tairi ndiyo inayolibeba. Nusu ya juu inakwenda kuyafuata madigadi.

Sasa tuseme gari limelazwa milimita 30. Tairi jipya linalirudishia tumbo lake, yaani upande wake wa chini, milimita 11, kwa hivyo bado limepoteza 19. Uwazi wa madigadi, kwa upande wake, umepungua 30 za springi na 11 za tairi, jumla 41. Anayesema ameweka tairi kubwa ili arudishe urefu ameirudisha theluthi tu, na bei yake ni kubwa. Angelilaza milimita 19 na kubaki na tairi lake la kiwandani, tumbo lingekaa pale pale na uwazi ungepungua 19 badala ya 41. Kwa hoja ya urefu peke yake, basi, wazee wa kambi ya kwanza wameshinda.

Hoja yenye nguvu ya upande wa pili ni nyingine kabisa, nayo ni ubavu. Lami ya kwenda Paje au Nungwi ni nzuri, lakini huishii kwenye lami. Ukiiacha barabara kuu kuingia vichochoro vya Jambiani au Michamvi unakanyaga mawe ya matumbawe yenye ncha, na mara nyingi unayakanyaga usiku. Ubavu wa 215/65 una kimo cha milimita 140. Wa 215/70 una 150. Wa 225/55R17, ambao ni saizi nyingine ya kiwandani ya gari hilo hilo, una 124 tu. Anayelaza gari halafu akavaa rimu kubwa yenye ubavu mwembamba zaidi ya huo anapeleka chuma kwenye jiwe. Rimu inapinda, au ubavu unatoa uvimbe, na tairi lenye uvimbe halizibiki. Kwa hiyo kijana anayetaka kulaza gari lakini akachagua ubavu mnene ana akili kuliko mwenzake aliyekimbilia rimu ya inchi 18 kwa sababu inang'aa. Hili kambi ya kwanza hailitaji, na inapaswa kulitaja.

Turudi kwenye uwazi. Kwenye fimbo ya kila shokapu mna raba ya kizuizi. Gari likipigwa na tuta, gurudumu linapanda mpaka raba ile ibane, kisha linakoma. Kiwandani wamepanga kikomo hicho tairi lao lisiguse kitu hata gari likibonyea kabisa. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: ukiweka springi fupi na ukaiacha raba ile salama, kikomo cha gurudumu hakibadiliki hata kidogo. Gari lililolazwa na lisilolazwa, yote mawili yakibonyea mpaka mwisho, tairi linakaa mahali pamoja. Lililolazwa linafika hapo mara nyingi zaidi tu, kwa sababu safari ya kufika ni fupi.

Ndiyo maana Forester iliyolazwa kwa adabu, na tairi la kiwandani, aghalabu haigusi popote, hata kama kwa macho uwazi ni wa kupitisha vidole viwili. Na ndiyo maana Forester isiyolazwa kabisa, ikivaa tairi lililozidi mno, inaweza kugusa ikipakia watu. Kinachoamua ni pale gurudumu linapokoma. Gari lililokatwa springi kwa msumeno limeharibiwa mara mbili: springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye sahani yake, na mara nyingi raba ya kizuizi nayo imepunguzwa au imetupwa ili gari lisipige kwa ukali. Hapo kikomo kimehama, na tairi linakwenda mahali ambapo mtengenezaji hakulipangia. Mimi sioni hoja yoyote ya kutetea springi iliyokatwa, si ya uzuri wala ya bei.

Bila shaka raba iliyobaki ina gharama yake. Safari ya shokapu ikiwa fupi, kila tuta linafika kwenye raba, na matuta yetu hayahesabiki: kila kijiji, kila skuli. Mgongo wa abiria wa nyuma unalijua hilo kabla ya dereva. Anayelaza gari akubali ukakasi huo. Asiukwepe kwa kuitoa raba.

Kuna kitu kimoja ambacho kinagombanisha tairi na gari kuliko kipenyo, nacho ni upana pamoja na namba ya ET iliyopigwa nyuma ya rimu. Namba hiyo inaonyesha, kwa milimita, uso unaofungwa kwenye habu uko umbali gani kutoka katikati ya rimu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 kwa Forester hizi ina upana wa inchi 7 na ET48. Mtu akinunua rimu ya upana wa inchi 8 yenye ET35, ukingo wa ndani hausogei, lakini ukingo wa nje unatoka milimita 26 hivi: 13 za ET na karibu 13 za nusu ya inchi iliyoongezeka. Tairi ambalo lilikuwa likipanda ndani ya madigadi sasa linapanda chini ya ukingo wake. Hapo milimita 11 za kipenyo zilizotutia wasiwasi zinaonekana ndogo. Spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu, zinafanya kosa lile lile kwa njia ya mkato.

Ukienda upande wa ndani unakutana na shokapu. Shokapu la mbele limefungwa pamoja na gurudumu, vinapanda na kushuka pamoja, kwa hivyo kulaza gari kwa springi hakubadilishi nafasi kati ya tairi na ile sahani inayobeba springi. Kipenyo na upana wa tairi ndivyo vinavyoibadilisha. Isipokuwa kwa koilova, yaani shokapu na springi za kurekebishwa kimo: ukiishusha sahani yake kwa kuzungusha nati, inaweza ikashuka mpaka usawa wa tairi, na tairi linaanza kukatwa upande ambao dereva haoni. Ubavu wa ndani wa tairi upapaswe kwa mkono kila wiki mwanzoni. Humo humo pia mnapita bomba la breki na waya wa ABS.

Fundi akikuambia tairi limeingia, muulize limeingia gari likiwa na nani ndani. Gari la karakana lina dereva mmoja na robo tangi. Gari la sherehe za Mwaka Kogwa linalokwenda Makunduchi lina baba, mama, watoto, shangazi, na vyungu kwenye buti. Jaribio la kweli ni gari limejaa, gurudumu moja limepandishwa juu ya gogo ili upande huo ubonyee, kisha usukani unazungushwa mpaka mwisho kulia na kushoto. Pakeni chaki begani mwa tairi na ubavuni mwake, endesheni polepole, halafu tazameni chaki imefutika wapi. Kwa mbele tafuteni plastiki ya ndani ya madigadi nyuma ya gurudumu na pembe ya bampa. Kwa nyuma tafuteni ukingo wa chuma.

Wenzetu wa Pemba wana mtihani mgumu zaidi. Unguja sehemu kubwa ni tambarare. Gari linabonyea kwenye tuta likiwa limenyooka. Njia kongwe ya Chake Chake kwenda Wete inapanda, inashuka na kukata kona papo hapo, kwa hiyo gurudumu la nje linabeba uzito huku limekunjwa. Usukani na mbonyeo vikikutana ndipo tairi linapogusa. Gari lililopita salama Mjini mpaka Bububu lisichukuliwe kuwa limefaulu kule.

Suluhisho linalopendwa, kukunja ukingo wa madigadi kwa ndani, sikatai kwamba linafanya kazi. Linaleta sentimita nzima pale inapohitajika. Lakini chuma kikikunjwa rangi yake inapasuka, na sisi tunaishi kwenye kisiwa chenye upepo wa chumvi pande zote. Kutu inaanzia ndani ya mkunjo, mahali pasipofikiwa na sabuni, na ikionekana nje imeshakula. Bara kavu labda ingekuwa hadithi nyingine. Hapa, anayekunja bila kusafisha chuma na kupaka rangi ya kuzuia kutu papo hapo amenunua milimita chache kwa kuuza bodi zima.

Kwa hivyo mimi nasimama wapi? Siungi mkono kauli kwamba gari lisiguswe. Uzuri wa gari ni sababu halali ya mtu kutumia fedha yake, na kituo cha uzito kikishuka gari refu kama Forester linatulia kwenye kona kweli. Ningekubali milimita 30 kwa springi zilizotengenezwa kwa gari hilo, raba za kizuizi zikiwa mahali pake, rimu yenye upana na ET ya kiwandani, na tairi lisilozidi 225/65R16, ambalo kipenyo chake ni 699. Hata 215/70 linawezekana likipimwa kwa chaki, ila limelizidi la kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3, na spidomita ikisoma 80 unakwenda zaidi ya 82. Juu ya hapo, chagua kimoja: ulale au ukue. Anayekodisha gari kwa wageni asifanye lolote kati ya haya, maana mgeni hajui mlio wa tairi linalogusa na hatasimama.

Na kwa kuwa gari hili linasukuma magurudumu yote manne, tairi zote nne ziwe saizi moja na zichakae kwa kiasi kimoja. Kuweka makubwa nyuma tu kunayafanya magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti muda wote, na difu ya katikati, au klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inaweza kuungua. Jambo hilo linaligusa hata tairi la akiba: shimo lake chini ya buti lilipimwa kwa tairi la kiwandani, na tairi jipya linaweza kukataa kuingia. Anayebaki na lile dogo la zamani, akapasukiwa Micheweni, kule Pemba, usiku, atalifunga na kuendesha polepole mpaka mahali penye fundi, si mpaka nyumbani.