Mbuzi wako njiani

Jamani naona binamu yangu keshawahi kuwasimulia huko kwenye magrupu kwamba nimeonekana uchi kwenye tivii ya bibi kule Muheza. Uongo. Taulo nilikuwa nalo. Lilikuwa kichwani, sawa, lakini bukta nilivaa na naomba hilo lieleweke kabla hatujaendelea.

Mnakumbuka harusi ya dada, na bibi hakuja Dar kwa ajili ya magoti. Video zipo kwenye simu lakini bibi simu haitaki, anasema ni kama kuchungulia harusi kwa tundu la mlango, yeye ana tivii yake ya chogo na deki ya dividii iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, anataka sidii, aweke, akae, aone. Nikamwambia bibi usijali, hiyo kazi ya dakika tano.

Dakika tano mwenzenu. Sidii ya kwanza nikachukua MP4, lile faili la video la simu, kama lilivyo nikachoma nikaituma kwa basi. Deki ikaandika NO DISC. Kumbe deki za zamani MP4 hazijui ni mdudu gani, mpaka video igeuzwe iwe MPEG-2, mtindo wa video wa dividii, ikae kwenye folda la VIDEO_TS na mafaili yake ya video yaitwayo VOB ndo zinakubali. Haya. Ya pili nikageuza, sikuangalia kama programu imejiwekea NTSC, mfumo wa tivii wa Wamarekani, na chogo la bibi linajua PAL tu, mfumo wa huku kwetu, akapiga simu kuuliza mbona dada yenu mmemwozesha gizani, rangi hakuna na picha inapanda juu kama pazia. (Msiniambie ningepeleka kwa fundi. Nimesoma IT, ningeanzaje?)

Ya tatu nikasema hii naenda nayo mwenyewe. Sidii yenyewe, ya dividii, nafasi yake imeandikwa GB 4.7 ila harusi yetu ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya bajeti, nikakata, nikabana iwe ya masaa mawili, nikabeba folda zima nikatupia kwenye programu, nikaiachia ijitengenezee menyu, nikalala laptopu inaunguruma kama mashine ya kusaga. Alfajiri nikaikuta tayari, nikaandika HARUSI kwa maka pen nikakimbilia basi. Kuijaribu? Basi linaondoka saa kumi na mbili, ningejaribu saa ngapi.

Sasa hapa ndo mtulie.

Kwenye lile folda kulikuwa na kivideo nilichojirekodi chumbani kwa ajili ya grupu la mabinamu, namuigiza mjomba. Mjomba kwenye kikao cha harusi aliahidi mbuzi wawili, kila akiulizwa anajibu wako njiani, harusi imepita, tumekula kuku, mbuzi bado wako njiani. Basi mimi na taulo langu kichwani kama kilemba, tumbo nimelitoa mbele, sauti ileile ya mjomba ya kupitia puani: "Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Mbuzi wawili. Wako njiani." Faili nililiita aaa ili likae juu nilione haraka. Na programu nayo ikaliona haraka, ikalichukua kama picha ya nyuma ya menyu. Na menyu ya dividii, kwa msioijua, haiendi popote mpaka ubonyeze, inajirudia tu.

Sebuleni kuna bibi, mama wadogo watatu, majirani, watoto kwenye mkeka, na mjomba. Kiti cha mbele kabisa, kanzu imenyooshwa, kofia mpya.

Deki ikanguruma. Kioo cheusi. Halafu tumbo langu.

"Mbuzi wawili. Wako njiani."

Kimya. Hata kijiko kwenye kikombe hakikugonga. Nikashika rimoti nikabonyeza, wapi, nikaifungua nyuma, betri hakuna, bibi alizihamishia kwenye saa ya ukutani. Vitufe vya deki vilizama ndani siku nyingi. "Mbuzi wawili. Wako njiani." Nikarukia vitufe vya tivii nizime, nikagusa cha sauti, nyumba nzima, "WAKO NJIANI." Mara ya nne watoto wakawa wameshika, wanaitikia kwa pamoja kama wako madrasa. Mjomba hajageuka. Naona shingo tu, na ile shingo inavimba. Bibi anauliza kwa upole kabisa, "Huyu aliyefunga taulo ni nani, mbona kama mjomba wenu?"

Nikachomoa waya ukutani nikasema jamani umeme umekatika. Mama mdogo akatazama juu. Feni inazunguka.

Na kuna mtoto mmoja, Mungu amkuze, akauona waya uko chini akanisaidia kuuchomeka. Deki ikawaka, ikasoma sidii upya kwa bidii zote, ikaanza mwanzo: "Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi."

Yaliyofuata nafupisha: nimeomba radhi kwa magoti, mjomba kaondoka hajala, jioni mama kampigia simu, Jumatatu mbuzi mmoja kafika kweli. Huyo wa pili simuulizii, muulizeni nyie.

Harusi yenyewe tuliiona kesho yake, bibi akasinzia kabla hata bi harusi hajatolewa. Nikamwambia basi nirudishie sidii nikaichome upya isiwe na ule ujinga, akaikunja kwenye khanga akaenda kuifungia kwenye sanduku lake la udi. Ananidai betri mbili za rimoti.