Kipandikizi kifupi cha jino kinadumu, ila kinataka kufuatiliwa

Hapa Dar mtu akiambiwa kipandikizi chake cha jino, yaani ile skrubu inayowekwa ndani ya mfupa wa taya ili ibebe jino bandia, kina urefu wa milimita 6, wakati cha jirani yake ni 10 au 12, anahisi amepunjwa. Naielewa hofu hiyo, ila naona imeelekezwa pasipo pake.

Wengi wetu gego liling'olewa zamani, kwa sababu hela iliyokuwepo ilitosha kung'oa tu, na pengo likaachwa hivyo hivyo kwa miaka. Mfupa usio na jino hupungua, tena kwa kasi zaidi mwaka ule wa kwanza. Nilimsindikiza shangazi yangu wa Tandika kliniki, daktari akatuonyesha picha ya eksirei ya taya la chini. Kwa ncha ya kalamu akaufuata mkanda mweusi wenye kingo nyeupe: mfereji wa mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye mdomo na kidevu.

"Mama, kutoka hapa juu mpaka kwenye mshipa kuna milimita 9. Mbili lazima niziache kwa usalama."

Zinabaki 7. Cha milimita 10 kingeweza kuujeruhi mshipa na kumwachia ganzi ya mdomo isiyoisha. Njia nyingine ilikuwa kuongezewa mfupa kwanza, kusubiri miezi, na kulipia upasuaji zaidi. Akawekewa cha 6, na mimi niliunga mkono kwa moyo wote.

Je, kinadumu? Mwaka 2018 wataalamu wa ITI, taasisi ya kimataifa ya upandikizaji wa meno, walilinganisha tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa mwaka 1 hadi 5. Vipandikizi visivyozidi milimita 6 vilivyobaki mahali pake vilikuwa wastani wa asilimia 96; virefu, 98. Vile vya zamani vilivyokuwa na uso laini, usio na mikwaruzo, ndivyo vilivyowapa vifupi sifa mbaya. Vya sasa vina uso uliokwaruzwa, mfupa unavishika vizuri zaidi. Isitoshe, nguvu ya kutafuna huelemea zaidi mfupa wa juu, shingoni mwa kipandikizi, kwa hiyo unene wa kipandikizi una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Lakini wastani huo unaficha jambo. Katika tafiti hizo, virefu havikushuka chini ya asilimia 95. Kwa vifupi, kuna utafiti uliopata 86.7. Hapo ndipo ninapotaka tukae. Fizi ikiugua na mfupa ukaliwa milimita 2, cha 10 kinabaki na 8 za kushikilia, cha 6 kinabaki na 4. Mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na anayesaga meno usiku waambiwe hivyo waziwazi kabla ya kulipa chochote.

Kinachonikera ni kliniki inayokuvisha jino, inapokea malipo, na habari zako zinaishia hapo. Kwa kipandikizi kifupi, huo ni uzembe. Uliza mapema nani atakuangalia mwaka wa pili na wa tatu, na kusafishwa kutagharimu kiasi gani. Siku jino linapofungwa, omba ipigwe eksirei na upewe nakala, uiweke kwenye simu. Bila picha hiyo ya mwanzo, daktari mwingine hawezi kujua mfupa umeshuka kiasi gani.