Siku Niliyopeleka Ngeli Ubaoni

Kabla sijaeleza jinsi nilivyoaibika, sharti nikiri kwamba sijawahi kujiandaa kwa mtihani wowote wa shule kama nilivyojiandaa kwa mchezo ule. Kwa miezi kadhaa mpwa wangu, binti wa miaka 13, alikuwa akinishinda Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni ili kuunda maneno yenye alama, kwa utulivu unaoudhi. Hakuwa akicheka wala akijigamba, bali alikuwa akijumlisha alama zake kwa sauti ndogo, kisha ananiuliza, "Mjomba, turudie?" kana kwamba ananipa dawa.

Nikaamua kusoma. Nilikuwa nimepata habari za Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakukizungumza Kifaransa, kwa sababu alikuwa amekariri maneno yake. Habari hiyo ilinilewesha. Kama mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha asiyoweza kuombea maji, basi mimi, ambaye Kiingereza nakizungumza japo kwa kuchechemea, nilikuwa na haki ya kumshinda mtoto wa dada yangu.

Nilitafuta maneno yaliyopangwa kwa urefu na kwa herufi, nikayanakili daftarini: kwanza ya herufi mbili, ambayo katika orodha yangu yalikuwa 127, kisha ya herufi tatu, na ndani ya kila fungu yale yenye Q, Z, X na J yakiwa peke yake kama wageni wa heshima. Maana sikuziandika zote, kwani ubao haukuulizi maana. Nikaanza kukariri asubuhi na usiku. Mke wangu, aliponisikia gizani nikisema "aa, ab, ad, ae, ag, ah, ai", aliwasha taa na kunishika kipaji cha uso akidhani nimepandwa na homa. Nilimweleza kwamba AA ni aina ya zaha ya volkeno yenye mikwaruzo, na AI ni mnyama wa Amerika Kusini mwenye vidole vitatu anayeishi juu ya miti na kwenda polepole sana. Akanitazama kwa muda, akasema kwamba mnyama huyo anamfahamu, kisha akazima taa.

Ilikuwa katika wiki ya pili ya kukariri ndipo nilipofanya ugunduzi ulioniponza. Nilipopitisha kidole kwenye safu ya maneno ya herufi mbili, niliona YA. Nikaona LA. Nikaona ZA, ambayo kwa Wamarekani ni kifupisho cha mtaani cha piza, lakini kwangu ilikuwa ni ZA ya "nguo za watoto". Katika herufi tatu nikakutana na CHA, ambayo Waingereza huitumia kwa maana ya chai. Nikarudi nyuma nikitetemeka, nikakuta PA, MA, KI, LI na NA. Kilele cha yote kilikuwa PO, KO na MO, wote watatu wakiwa wameketi katika orodha moja kama walivyoketi katika kitabu cha sarufi: yupo, yuko, yumo. Ni kweli kwamba PO ya Kiingereza ni chombo cha kukojolea usiku, KO ni kijiti cha kuchimbia cha Wamaori na MO ni kitambo kidogo tu, lakini nimeshasema kwamba maana hazikunihusu.

Nilihitimisha, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma nusu ya jambo, kwamba ngeli za Kiswahili zilikuwa zimehamia katika Scrabble kimyakimya, na kwamba mimi pekee ndiye niliyezitambua. Kuanzia hapo niliacha kukariri. Kwa nini nisumbuke na orodha wakati viunganishi nilivifahamu tangu utotoni? Laiti ningeendelea kusoma kwa makini, ningeona kwamba herufi V haina hata neno moja la herufi mbili, na kwamba VI yetu imeachwa nje ilhali KI yake imekaribishwa ndani. Ngeli iliyopewa umoja na kunyimwa wingi ingetosha kumshtua mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu.

Mchezo ulifanyika nyumbani kwa dada yangu, naye akachukua kalamu ya kuandikia alama. Nilianza vizuri mno. Nilitega Z kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, nikaandika ZO kwa mlalo na ZO kwa wima kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa Z ina alama 10, mpigo ule ukaniletea alama 62. ZO ni mnyama aliyezaliwa na yaki na ng'ombe. Nililisema hilo bila kuulizwa.

Mpwa wangu aliitazama herufi A iliyokuwa ukingoni mwa ubao, akapanga vigae vitatu kuizunguka, na nikasoma WAQF. Nilicheka. Nilicheka kwa dhati, cheko la mtu mzima aliyemfuma mtoto akidanganya. Nikamwambia kwa upole kwamba hilo ni neno letu, wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu, na kwamba hata kama ameliondolea U mwishoni na kulivalisha Q, haliwezi kugeuka Kiingereza.

"Unalipinga, Mjomba?"

"Nalipinga."

Dada yangu aliingiza neno katika programu ya kamusi iliyokuwa kwenye simu. Lilikubaliwa. Kwa kuwa lilikuwa limekanyaga mraba unaozidisha neno mara tatu, alama zake 19 zikawa 57, na mimi, kwa kanuni tuliyokuwa tukiifuata, nikapoteza zamu yangu kwa kupinga neno halali. Mtoto yule hakunisimanga. Alinieleza tu kwamba maneno mengi yenye Q isiyofuatwa na U yametoka katika Kiarabu, na kwamba QADI ni kadhi, TALAQ ni talaka, NIQAB ni nikabu, FAQIR ni fakiri, na hata SUQ, ingawa yenyewe ina U, ni ndugu wa soko. Yote alikuwa ameyakariri kwa kuyaona kama Kiswahili kilichovaa nguo za safari. Mimi nilikuwa nimeishia herufi tatu.

Pigo lile, badala ya kunipunguzia imani, liliiongeza. Ikiwa wakfu ni Kiingereza, niliwaza, basi kuna nini kisichokuwa Kiingereza?

Tulikwenda sambamba hadi mfuko ukawa mtupu. Seti ya Kiingereza ina vigae 100, na mtu aliyehesabu vilivyokwisha kuchezwa anaweza kujua vilivyobaki; hesabu hiyo angalau niliiweza. Mimi nilikuwa na kigae kimoja, W. Yeye alikuwa na kimoja, nacho hakikuweza kuwa kingine ila J, yenye alama 8. Nilikuwa nyuma kwa alama 12, lakini zamu ilikuwa yangu. Ningeitua W mahali popote halali kwa alama 5, mchezo ungekwisha, alama 8 za J iliyombakia zingeongezwa kwangu na kukatwa kwake, nami ningeshinda kwa alama 9. Nilirudia hesabu mara tatu. Palikuwa na A moja pale chini, imesimama peke yake, kushoto wazi na kulia wazi.

YA, LA, ZA, CHA. Niliweka W upande wa kushoto, nikaegemea kiti na kukunja mikono. WA. Watoto wa nani? Wa dada yangu, ambao leo wangejifunza adabu.

"Mjomba," alisema taratibu, "naomba tulikague."

Nilipinga kukaguliwa. Nilitoa mhadhara. Nilieleza kwamba ikiwa kamusi imekubali YA, LA na ZA, haiwezi kwa mantiki yoyote kuikataa WA, ambayo ni ya ngeli ya kwanza kabisa, ngeli ya watu, na kwamba lugha haiwezi kukubali vitu na kuwabagua wanadamu. Dada yangu alisubiri nimalize, akabonyeza simu, akanionyesha alama nyekundu. "Kaka," alisema, "chukua kigae chako."

Nikakichukua. Mpwa wangu akaweka J yake mbele ya O moja, akapata JO, neno la Kiskoti la kumwita mpenzi, lenye alama 9. Akamaliza. Alama 4 za W yangu zikahamia kwake na nyingine 4 zikakatwa kwangu, na pengo la 12 likawa 29.

Nilikuwa nikikusanya vigae ili niondoke na heshima iliyobaki, yeye akanyoosha mkono, akaichukua W kutoka kiganjani mwangu na kuiweka tena karibu na A ileile, safari hii upande wa kulia.

"Hapa ingekubaliwa, Mjomba. AW."

Nilifungua daftari. Lilikuwepo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, katika safu ya kwanza, kati ya AT na AX. Neno nililolitamka kila usiku gizani. Nikamuuliza maana yake.

"Ni sauti," alisema, "ya kumwonea mtu huruma."