King'ora usiku wa manane: kilie au kinyamaze?

Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyekuwepo Aprili 29, 2009, siku mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka, hakisikii king'ora kama anavyokisikia mgeni wa jiji. Wa Gongo la Mboto naye, tangu ghala la huko lilipolipuka usiku wa Februari 16, 2011, ni vivyo hivyo. Gari la zimamoto likipita, wapo wanaoamka, wakawashika watoto mikono na kutega sikio: linaelekea wapi? Kwa hiyo wanaolalamika kwamba ving'ora vinapigwa bila huruma wakati barabara ni nyeupe hawadeki. Kuna vichanga, kuna wazee wenye presha. Saa nane za usiku, wanauliza, vimulimuli havitoshi?

Swali ni la haki, ila jibu lake liko kwenye makutano. Dereva wa lori anayetokea upande wa pili haoni kimulimuli kilichozibwa na ukuta. Sauti ndiyo inayomfikia kwanza. Na ndani ya ambulensi huenda yumo mama mwenye uzazi pingamizi anayekimbizwa hospitali ya rufaa kutoka zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kati ya usingizi wa mtaa mzima na dakika za mama huyo, mimi niko upande wa mama. Dereva aliyefundishwa vizuri anaweza kukizima king'ora kwenye kipande kilichonyooka na kitupu, akakiwasha kabla hajafika njia panda.

Kinachoniuma hasa ni ving'ora vya wasio na dharura. Watetezi wa misafara wanasema kiongozi akinasa kwenye foleni usalama wake unakuwa shakani. Kwa Rais na wageni wa kitaifa, sawa. Lakini mwenye gari binafsi aliyelifunga king'ora ili awahi kikao ana hoja gani? Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sasa inalia na jambo halipo. Matokeo yake ni dereva wa daladala aliyechoka kusukumwa pembeni, anayesikia king'ora nyuma yake na kusema, "Mkubwa tu huyo, asubiri." Kumbe siku hiyo aliye nyuma yake ni mgonjwa. Hofu imegeuka hasira, na hasira haimpishi mtu. Trafiki waving'oe kwenye kila gari lisiloruhusiwa, hata kama mwenyewe anajulikana.

Hofu ya mitaani nayo inahitaji jibu, kwa sababu inakuzwa na kutojua. King'ora kikishapita, makundi ya WhatsApp yanajaa: ghala limelipuka, benki imevamiwa, fulani amefariki. Asubuhi inakuta kila nyumba ina habari yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayo namba ya kituo cha polisi, na mjumbe anazijua nyumba zake. Ujumbe mfupi kabla watu hawajatoka kwenda kazini, kwamba moto uliwaka mahali fulani na umezimwa, ungetosha.